Nimeisingizia Televisheni

Shangazi Ottilie, pole na kazi ya kusoma aibu za watu, nami nakuletea yangu, naomba unisaidie kabla sijaumbuka, na tafadhali sana usilitaje jina langu maana mji huu ni mdogo na mke wangu husoma safu yako kila Ijumaa asubuhi kabla hata hajafungua ukurasa wa matangazo ya vifo.

Mimi ni fundi wa matrekta, nina miaka sitini na mmoja, na kwa misimu ishirini na miwili nimekuwa mmoja wa watu watatu wa mnyororo kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo chetu, yaani ndimi ninayeshika fimbo ya mbele, ile yenye mnyororo wa yadi kumi, mwamuzi akipunga mkono tunakimbilia katikati ya uwanja, tunaunyoosha, watu elfu kumi na mbili wananyamaza kimya wakiitazama ncha ya fimbo yangu waone kama vijana wetu wamefikisha yadi kumi wabaki na mpira au wamepungukiwa kidole kimoja, na malipo yetu ni mkate wa soseji na kizibao cha rangi ya chungwa, lakini usinicheke Shangazi, dakika ile naipenda kuliko Krismasi.

Wewe ni mtu wa hapa, unajua Jumamosi za vuli hazina mwenyewe ila mpira, hatuozeshi, hatubatizi, na mama mkwe alipofariki usiku wa Alhamisi tulimzika Ijumaa alasiri kwa haraka ambayo mchungaji mwenyewe ndiye aliyeiomba, maana naye hushika fimbo ya nyuma. Mke wangu, nimwite Arlys ingawa si jina lake, hajawahi hata siku moja kunisumbua kwa hilo. Yeye ana Jumanne zake, ana timu yake na akina mama wenzake watatu, wanacheza ligi ya kuangusha pini kwa tufe pale ukumbi wa njia panda, mwaka wa tisa huu, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wameingia fainali.

Sasa fainali kwa desturi huchezwa Jumamosi asubuhi. Arlys ni nahodha, akaenda kuwabembeleza nahodha wa timu ya pili, mwenye ukumbi, na katibu wa ligi ambaye ni mgumu kama msumari, akawaambia, "Jamani, Jumamosi mume wangu yuko uwanjani, nami nataka aje, hajawahi kuja," wakakubali kuihamishia Jumanne, na Arlys akarudi nyumbani anacheka peke yake, akanipikia tambi za nyama juu ya viazi vya kuponda, chakula ninachokipenda kupita vyote, na siku ile haikuwa sikukuu wala nini.

Baada ya siku nne simu ikalia. Ni mtu wa ofisi ya michezo ya chuo. "Mzee, mechi ile ya Jumamosi imepelekwa Jumanne, televisheni wameitaka, saa moja na nusu jioni. Utaweza? Kama una shughuli sema tu, mzee Orrin yuko tayari kushika nafasi yako." Shangazi, sikumwacha amalize. "Naweza!" nikasema, tena kwa sauti, mpaka yeye mwenyewe akacheka.

Nikuambie ukweli, sisi ni chuo kidogo, Jumamosi kamera zote ziko kwa wakubwa, hakuna anayetujua, ila katikati ya wiki nchi nzima haina mechi nyingine, basi inatutazama sisi. Mwaka jana Jumatano moja kamera ilinijia karibu wakati wa kupima, na dada yangu aliye Arizona, hatujaonana miaka sita, akanipigia simu analia, "Nimekuona! Nimekuona ndani ya runinga, umezeeka vizuri wewe!" Akapiga na mtu niliyesoma naye darasa la nne. Mimi siku zote niko chini ya trekta, Shangazi, watu wananijua kwa viatu vyangu, na tangu siku ile kila nikisikia neno Jumanne moyo unanidunda kama wa kijana. Nimepaka na masharubu rangi. Nilimwambia Arlys ni kwa ajili ya picha ya kitambulisho.

Jioni ile ile nikamwambia Arlys kwamba mechi imeangukia Jumanne ile ile ya fainali yake, televisheni wameamua, sina hiari; akaniuliza, na mazungumzo yalikuwa hivi:

"Ina maana wamekulazimisha?"

"Wamenilazimisha."

"Hukuwaambia kuna fainali?"

"Niliwaambia. Wakasema hakuna mwingine anayeijua kazi."

Nilitegemea atanuna siku mbili yaishe. Lo! Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Hao watu wa televisheni wana adabu kweli? Mtu mzima wamemfanya toroli, wanamsukuma wanakotaka! Sasa watanijua mimi ni nani." Kesho yake akaanza kukusanya sahihi za kupinga mechi za katikati ya wiki, na ameandika pale juu kabisa, kwa herufi kubwa, KWA SABABU WANAWALAZIMISHA WAUME ZETU. Amesimama mlangoni pa duka la vyakula, amesimama kanisani, na kwa kuwa kazi yake ni kupima malori ya mahindi pale ghalani, na huu ni wakati wa mavuno, dereva hapewi karatasi yake ya uzito mpaka atie sahihi. Amefikisha majina mia mbili na kumi na manne. Jumatatu anayapeleka mbele ya baraza la chuo na anataka nisimame kando yake nieleze nilivyonyanyaswa, ameniandikia na hotuba, ni nzuri sana, nilipoisoma karibu nijihurumie.

Nimekalia kuti kavu. Nikisimama nitakuwa nimedanganya mbele ya mkuu wa chuo na yule mtu wa ofisi ya michezo aliyecheka kwenye simu, nikikataa nitaulizwa kwa nini, na wakikubaliana na Arlys basi mechi za Jumanne zimekwisha na mimi ndiye niliyeziua. Nimewaza kujifanya sauti imenikauka. Na jambo la mwisho, hili hata mchungaji sijamwambia, hizo Jumanne za Novemba nilizokuwa nikisema mgongo unauma siwezi kwenda kumtazama, mgongo ulikuwa mzima, nilikuwa kwenye kochi natazama mechi za vyuo vya watu wengine. Nifanyeje?

Mshika Fimbo

*

Mshika Fimbo,

Umeniomba nifiche jina lako na nimelificha. Ila ungetumia akili kidogo: watu wa mnyororo mko watatu, mmoja ni mchungaji, mwingine hajaoa. Na Orrin umemtaja kwa jina lake halisi. Kwa hiyo tusidanganyane, mji mzima utajua ni wewe kabla chai haijapoa. Jibu hili nimelitia kwenye bahasha leo Jumanne, litakufikia kesho. Gazeti linatoka Ijumaa. Una siku moja na nusu za kumwambia mkeo kwa mdomo wako, na ukizembea atasoma mwenyewe.

Nakuonea huruma, sikufichi. Nimecheka mpaka nikafuta miwani, halafu nilipofika pale kwa dada yako wa Arizona nikarudia kusoma mara ya pili. Mtu aliyeshinda chini ya matrekta miaka yote hiyo ana haki ya kufurahi akionekana. Ungemwambia Arlys hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi, nadhani angekubusu hayo masharubu yako ya rangi ya dukani. Badala yake umemtuma mtoto wa watu akasimame kwenye baridi mlangoni pa duka, akutetee kwa dhuluma ambayo hukutendewa. Huoni haya? Mimi mwenyewe nilitia sahihi! Ni jina la kumi na saba. Nilitia huku nasema, "Masikini, mume wa watu," na mkeo akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

Sahihi yangu siifuti, na nikueleze kwa nini. Mjukuu wangu anapiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo, na Jumatano saa mbili asubuhi ana mtihani wa kemia. Wakulima wako shambani mpaka giza wanakimbizana na mvua, nao ndio waliolijenga jukwaa lile la mashariki kwa mikono yao. Wazazi wanaoishi mbali hawawezi kuendesha gari kwa muda wa saa nne katikati ya wiki. Hizo ndizo sababu, nazo zinatosha. Nazijua na zako: kwamba bila Jumanne hakuna anayetuona. Nazo ni za kweli, hata mpishi wa bweni ameniambia watoto wa majimbo ya mbali wanaomba nafasi hapa kwa sababu waliona mechi. Basi baraza likae, lisikilize pande zote mbili, lipige kura. Lakini liamue kwa mambo yaliyopo. Wewe kama unazipenda Jumanne, simama useme unazipenda. Hilo si kosa, hujaua mtu.

Sasa fanya hivi. Jioni hii hii, kabla ya chakula, si baada, maana ukishiba utaahirisha, mkalishe Arlys umwambie simu ilivyokuwa: neno kwa neno, pamoja na ile "Naweza!" yako, na zile Jumanne za kochi pia. Atapandisha sauti. Mwache apandishe. Usilie, usisingizie tena mgongo. Akinyamaza, mwambie afute ule mstari wa juu wa herufi kubwa, aandike sababu za mtihani na mahindi na wazazi, na wewe ndiye uende mlango kwa mlango kuwaonyesha watu mia mbili na kumi na wanne kilichobadilika, uwaulize kama bado wanakubali. Ndiyo, wote. Na mlangoni kwangu upite, nitakupa kahawa, lakini nitakusema tena.

Halafu mpigie Orrin. Amekaa ukingoni mwa uwanja misimu sita akisubiri mmoja wenu augue. Mpe fimbo, mpe na kizibao. Dada yako mwambie asiwashe runinga.

Nimekwisha na hayo, sasa nisikilize vizuri. Barua yako ni ndefu. Umenieleza rangi ya kizibao, urefu wa mnyororo, watu wangapi wananyamaza. Kuhusu Arlys akiwa mchezoni hukuniambia hata neno moja. Anatupa tufe kwa mkono gani? Akiangusha pini zote kumi hupiga kelele au hucheka tu? Hukuniambia kwa sababu hujui. Mimi najua, maana nimemwona: akishatupa hageuki kuzitazama pini, anawageukia watazamaji, anatafuta uso, na miaka tisa uso anaoutafuta haupo. Wewe mwenye kuijua raha ya kuambiwa "nimekuona" umemnyima mwenzako raha hiyo hiyo, tena bure, kwa ajili ya kochi.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu uwe umeshaketi pale ukumbi wa njia panda. Benchi la mbele, katikati, simu umeiacha nyumbani. Na mtu yeyote akikuuliza mbona leo huko uwanjani, umekuja kumtazama nani, usinong'one. Mjibu kwa sauti, Arlys asikie: "Nimekuja kumtazama mke wangu."

Shangazi Ottilie