Mzigo wa Mhoja

Jumatano, 2 Julai 1975
Mgongo umekufa. Tangu asubuhi kubeba marobota ya pamba tu, na Mhoja mnyapara—samahani, ndugu msimamizi!—ameketi kivulini akituhimiza tujitegemee. Wakati wa uji nimetunga hii:

Mnyapara wetu Mhoja
Kazi ikija husema, "Ngoja."
Robota tukishika,
Keshapumzika:
Mzigo wake ni tumbo moja.

Venant, anayepaka alama kwenye marobota, amecheka mpaka uji ukamtoka puani.

Alhamisi, 3 Julai
Venant mwendawazimu! Ameiandika ukutani mwa ghala, kwa rangi yake ya marobota. Nimesugua na mafuta ya taa. Haitoki. Mhoja akapita. Hajui kusoma. "We mla ndizi," ndivyo anavyoniita mimi mtu wa Bukoba, "wameandika nini hapo?" Nikamjibu: jina lako, ndugu, na sifa zako kazini. Amefurahi!

Jumamosi, 5 Julai
Tunapaka chokaa, Sabasaba imefika. Nimekuwa wa kwanza kukimbilia ukuta ule na ndoo. Uzalendo wangu! Mhoja kanifukuza: hapo usiguse. Sasa ukuta wote mweupe, na mashairi yangu katikati yanang'aa kama picha ya harusi.

Jumatatu, 14 Julai
Kisomo cha watu wazima. Walimu hawatoshi, basi mwenye darasa la nne ni mwalimu. Mwanafunzi wangu nani? Mhoja! Akifeli, nafukuzwa kwa uzembe. Akifaulu, atasoma ukuta—nafukuzwa. Na huko Bukoba mke wangu Paskazia akisikia atatangaza kwamba nimepanda cheo.

Jumanne, 29 Julai
Nafundisha polepole kama kinyonga. Haisaidii. Leo amesoma "pamba bora" bila kusita. Macho yamemlowa. Anasema kwao Misungwi hakuna aliyewahi kujisomea barua yake. Ukuta hautazami, anautunza kwa siku ya mtihani. Nimeona aibu. Kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti
Mtihani. Katibu wa kata amekuja. Mhoja amekataa kitabu: atasoma ukuta wake! Niko nyuma ya marobota, naandika. "M-nya-pa-ra we-tu Mho-ja..." Makofi. Mstari wa pili. Sauti inapungua. Wa tatu. Wa nne—hakosei hata herufi, laana, nimemfundisha vizuri! Ameufikia wa tano. Hata Venant hacheki.

Sasa ananiita. Si "mla ndizi".

"Mwalimu! Mwalimu, njoo hapa."