Kengele ya Dunlark ya Tatu

Jumanne, 4 Juni 2024

Kaja Denzil Pascoe, mwenyekiti wa chama cha mabaharia wastaafu wa Dunlark. Kala pasti zangu, zile sambusa kubwa za nyama na viazi, ndipo akafungua mdomo. Jumapili manowari mpya, Dunlark, inapokelewa hapa Plymouth, na kanisani zitasomwa habari za meli zote zilizobeba jina hilo. Ya Kwanza ilipigana na Wafaransa. Ya Pili ilizama vitani na babu yake Denzil ndani. Halafu moja kwa moja ya Nne, hii mpya. Shule niliiacha mapema, lakini kuhesabu mpaka nne najua. Nikamwuliza, ya Tatu imeyeyuka? Akakohoa. Eti haina cha kusomwa mbele ya admirali.

Haina! Mume wangu Wilf, Mungu amrehemu, kaitumikia mpaka akaota mvi. Sawa, haikupiga hata bata. Kazi yake kuburura shabaha baharini, wenzake wajifunze kulenga. Na ndiyo, siku ya gwaride iligonga gati, meya akaangukia keki. Lakini nani mwingine alisimama mbele ya mizinga ya watu wa kwao bila kurudisha risasi?

Jumatano, 5 Juni

Mjukuu wangu Jodie ni mpishi kwenye hiyo ya Nne. Mwanawe anabatizwa Jumapili hiyohiyo, kwa desturi yetu: kengele ya meli inapinduliwa, inatiwa maji, kisha jina la mtoto linachongwa ndani. Kanisihi, "Nana, usianze. Kepteni wangu atakuwepo."

Mimi sianzi. Namaliza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimecheka peke yangu jikoni. Kengele gani wataitumia? Meli mpya hurithi ya zamani. Ya Kwanza walishaiyeyusha. Ya Pili iko na samaki. Imebaki ya Tatu — na iko ukumbini kwangu, alikabidhiwa Wilf!

Nimeisugua ndani pia. Majina ya watoto bado yanasomeka. Limo la Denzil. Babu shujaa anamtaja kila mkutano. Baba yake, aliyemenya viazi kwenye ya Tatu, hamtaji kamwe.

Jumapili, 9 Juni

Naandika hapa kanisani, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Kengele waliibeba asubuhi. Ulimi wake, kile chuma cha kugongea, umo mkobani mwangu.

Kila meli lazima igongewe kwanza, ndipo isomwe. Denzil kavuta kamba — kimya. Kavuta tena. Kaja kwenye benchi langu, jasho linamtoka.

"Beryl, ulimi uko wapi?"

"Chungulia kengele ndani, Denzil. Usome jina lako."

"Watu wanangoja, mama."

"Basi soma haraka."

Jodie kafumba macho. Mtoto analia. Denzil kainama, kichwa chote ndani ya kengele, admirali anamtazama makalio. Kakaa humo muda.

Sasa kakichomoa. Miwani imeteremka puani. Kaikunja karatasi yake ya kusoma, ile isiyo na ya Tatu, kaitia mfukoni. Anakuja huku, kanyoosha mkono. Nimeshika zipu ya mkoba —