Pigo Linalojikwaa

Kihesa, Iringa
2 Juni 2025

Hapana, mume wangu, sikukata simu kwa sababu sauti uliyotengeneza ni mbaya. Nilikata kwa sababu niliogopa, na Mama alikuwa palepale sebuleni, nikaona aibu kuogopa mbele ya mkwe. Kwenye barua naweza kuogopa nitakavyo.

Hujambo, mpenzi? Umekula? Huku mimi mzima, Mama mzima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Bado nikiamka napapasa kitanda nikitafuta mkono wako. Harufu ya keki ya harusi haijatoka kabatini, na mimi tayari nina mume wa kwenye bahasha!

Flashi nimeipokea kwa kondakta wa basi ikiwa salama. Nimeichomeka kwenye sabufa ya Mama, nikafunga pazia kama ulivyoagiza. Kwa hiyo mimi ndiye hakimu! Mimi niliyepata D ya fizikia! Tadeo anaongoza filamu, kilima kinaporomokea kijiji, anataka ngoma za kielektroniki za kumkausha mtu mate, na mume wangu anachagua programu ya kuzitengenezea kwa masikio ya mkewe. Nimecheka jikoni peke yangu kama mwehu.

Haya, hukumu. Programu hizi nazichukulia kama wachumba. Huyu wa kwanza, wa bure, namwita Mnyonge. Hana makuu, ila ngoma zake zinakuja kutoka mbali kama magogo yanayobingirika. Na chini yake kuna kingine, du-du, du-du, cha chini kabisa, mpaka vikombe vya kabatini vinalia. Hicho ndicho kilichonitisha. Ni ngoma gani? Tena kuna mahali inajikwaa. Inapiga vizuri, inakosa, halafu mawili yanakuja pamoja kama mtu aliyeteleza ngazini. Labda ni sabufa.

Nakupenda mpaka natia chumvi mara mbili kwenye mboga.

Mkeo,
Eveline


Mwanjelwa, Mbeya
6 Juni 2025

Kamwene, mke wangu,

Mimi sijambo, ukiacha kikohozi na pumzi fupi. Studio ya Yotamu iko ghorofani na spika zake ni nzito, nikifika juu lazima nikae kwanza. Yotamu anapiga kelele mbele ya wateja, "Mpisheni mzee wa kanisa apumue! Ndoa imemmaliza!" Mwache, hana mke.

Sasa ile ngoma. Usicheke. Ni mimi.

Hizi programu zina ngoma nyingi, lakini kila mtu anazo zilezile, ukitazama filamu mbili umeshazitambua. Nikachukua maiki ndogo, nikaiviringisha kwenye soksi, nikaifunga kifuani kwa ule mtandio ulioniachia, nikarekodi moyo wangu. Nikaishusha sauti yake mpaka ikawa nzito kama lori la mbao linalotoka Mafinga, nikaitia mwangwi, kisha nikapanga ngoma za programu juu yake. Ulikuwa unamsikiliza mumeo, Eve, na vikombe vikaitikia!

Hilo la kujikwaa nimelisikia na mimi. Si sabufa. Ni hiyo programu ya bure, inazubaa, inadondosha mapigo. Tadeo naye kanuna. Kasema tarehe ya kumkabidhi haisogei, na nikimharibia hii, kazi zake zote atampa fundi wa Dar. Nimekodi ile programu kubwa kwa mwezi mmoja. Maktaba yake ya ngoma huimalizi kuisikiliza. Leo narekodi upya, nitakutumia.

Msalimie Mama.

Mumeo,
Anord


Kihesa, Iringa
11 Juni 2025

Anord wangu, ngoma yangu,

Umenifanya nini! Nilisoma barua yako nimesimama getini, nikarudi ndani mbio, nikacheza ile sauti tena huku nimeweka shavu juu ya sabufa. Mwanamke gani mwingine Iringa nzima ana moyo wa mumewe unaojaza sebule?

Unaendeleaje na kikohozi? Unakinywea nini? Chemsha tangawizi, usinywe soda za Yotamu.

Mchumba wa pili nimemwita Tajiri. Ngoma zake zinaingia kama watu wanaovunja mlango. Kwa kutisha, Mnyonge haoni ndani. Lakini Anord, lile pigo bado linajikwaa. Tena kuna jambo silielewi. Ngoma za juu, za programu yenyewe, hazikosi hata moja. Zinatembea sawasawa, kwa Tajiri na kwa Mnyonge. Ni lile la chini peke yake. Kama ni programu inayodondosha mapigo, kwa nini inachagua yako tu?

Mama aliingia na ungo wa mahindi, akasimama.

"Nini hicho?"

Nikajibu kwa madaha, "Moyo wa mwanao, Mama."

Hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kochi, ungo mapajani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Zima." Tangu hapo amekuwa mpole kwangu kupita kawaida. Jana kaniosha vyombo! Upole huo unanitisha kuliko Tajiri.

Ningekuja leo hii, lakini unamjua. Kwake mke mgeni haondoki kabla ya kupukuchua mahindi ya kwanza ya shamba la nyumbani, na mahindi bado yako juani.

Wako wa kufa na kuzikana (hapana, nafuta hilo, silipendi leo),

Mkeo,
Eveline


Mwanjelwa, Mbeya
15 Juni 2025

Mke wangu mwoga,

Habari za baridi? Huku tunavaa makoti hata ndani. Tangawizi nakunywa, usiwe na shaka.

Swali lako ni zuri, D yako ya fizikia walikuonea. Jibu ni hili: ngoma za programu ziko tayari ndani ya kompyuta, ila ninachorekodi kinapita kwenye waya, na waya wa Yotamu umechoka. Huko ndiko mapigo yanakopotelea. Basi.

Na hata hivyo limekwisha! Nimepata mchumba wa tatu. Ana kitufe cha kunyoosha. Unampa mapigo yaliyopinda, unabonyeza, anayapanga kama wanafunzi kwenye paredi. Nimebonyeza mara moja tu, sasa moyo wangu unatembea kama saa ya ukutani. Tadeo aliruka mpaka kofia ikaanguka. "Hii ndiyo kazi, Anord! Niletee yote hivihivi!" Nikikabidhi, filamu zake mbili zijazo ni zangu, na tutapanga chumba huku, mimi na wewe, Mama apende asipende.

Sikiliza flashi hii uniambie kama huyu si mzuri.

Siku hizi nalala nimekaa, nimeegemea mito. Nikilala chali kifua kinabana. Ni vumbi la Mwanjelwa.

Mumeo,
Anord


Kihesa, Iringa
18 Juni 2025

Anord, usikibonyeze kitufe hicho tena.

Samahani, sijakusalimu. Hujambo? Niambie kweli, hujambo?

Nimesikiliza. Ni mzuri sana, na si wewe. Mimi nimelala na sikio kifuani mwako tangu usiku wa harusi. Nilikuuliza mbona kuna mahali pananyamaza kidogo, ukasema moyo wako unasimama ili uniangalie. Na mimi nikaamini! Nikawasimulia rafiki zangu Devota na Lea, wakaona wivu, nikafurahi. Nilikuwa nafurahia kitu gani, Anord?

Jana kwenye simu ulinicheka, ukakohoa, ukasema kuna mteja. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikatiza.

Mama nimemchezea hiyo iliyonyooshwa. Akasema, "Huyo si mwanangu." Kisha akanieleza kwamba ulipokuwa mdogo uliumwa koo, baadaye magoti yakavimba ukawa hutembei, zahanati ikakupangia sindano za kila mwezi. Ulipoanza kucheza mpira mkaziacha, kwa maana ulionekana mzima. Unakumbuka?

Nakuomba jambo moja tu. Chukua maiki hiyohiyo, soksi hiyohiyo, waya huohuo uliochoka, umrekodi Yotamu. Usinyooshe. Kama wake nao unajikwaa, basi ni waya, na unicheke mpaka Krismasi. Kama haujikwai, shuka ngazi polepole uende hospitali. Usipitie kwa Tadeo.

Naikimbiza barua hii kwa kondakta sasa hivi.

Mkeo,
Eveline


Kihesa, Iringa
22 Juni 2025

Mume wangu,

Simu yako haipatikani. Ya Yotamu inaita mpaka inakata. Basi limefika, kondakta ameniona kwa mbali akatikisa kichwa kabla sijamuuliza.

Mama anaanika mahindi, anayaanua, anayaanika tena, na jua ni lilelile. Sabufa nimeichomoa ukutani. Friji ikitetemeka naruka. Nikitulia nausikia wangu mwenyewe masikioni, nauchukia kwa kwenda vizuri.

Niandikie. Hata neno moja, hata la kunicheka.

Mkeo


Wodini, Mbeya
24 Juni 2025

Eve wangu,

Nakusalimu na ninakuomba msamaha. Simu haikuisha chaji. Niliizima. Sikujua nikuambie nini, na ungenijua kwa sauti.

Nilimrekodi Yotamu. Alikuwa anatania muda wote, "Kaka, humu utakuta jina la mpenzi wangu Esta tu, limeandikwa kwa wino mwekundu." Tukasikiliza kwenye programu ya bure, bila kunyoosha. Moyo wake ulikwenda sawa. Tukarudia kwenye ile ya kukodi. Sawa. Waya uleule. Nikajirekodi mimi baada yake, na hapo Yotamu aliacha utani. Alinishika mkono akanishusha ngazi, kila ngazi tukisimama.

Daktari amenipima kwa mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo. Mlango mmoja wa ndani umekaza, damu inapita kwa shida. Ni ile homa ya utotoni, ya koo na magoti, iliacha kovu. Ndiyo sababu ya kujikwaa, ya pumzi, ya kulala nimekaa. Wamenipa dawa, maji yanapungua kifuani. Kasema huenda nikapelekwa Dar wautanue mlango, au wapasue. Hajasema lini. Nilimuuliza kama nitapona, akasema nimefika mapema kuliko wengi. Hilo si jibu, Eve.

Naogopa. Wodi ikitulia nausikia bila maiki. Unapiga, halafu unakosa, na mimi nashika kingo za kitanda nikisubiri pigo lijalo.

Kazi, Yotamu atamalizia. Nimechagua ile ya bure, Mnyonge wako, kwa sababu kitu inakiacha kama kilivyo. Lakini Tadeo alikuja hapa na machungwa, ameshasikia rekodi yangu ambayo haijanyooshwa. Anasema hakuna programu itakayomtengenezea hofu kama ile. Anautaka moyo wangu vilevile, unavyojikwaa, kilima kinapoanza kuporomoka. Atanipa kazi hizo mbili hata kama nitachelewa kupona. Nimemwambia nitamuuliza mke wangu.

Mumeo,
Anord


Kihesa, Iringa
25 Juni 2025

Mpenzi wangu, uhai wangu,

Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni, Mama akiisoma juu ya bega langu, wala hatukuombana ruhusa. Umelalaje? Unakula chakula cha hospitali au unasingizia umeshiba? Miguu haijavimba? Usijibu "sijambo". Nijibu moja moja.

Mwambie Tadeo hapana. Mwambie kwa heshima, na umshukuru kwa machungwa. Watu watakaa gizani na bisi zao, watashtuka pale pigo linapokosa, watacheka kwa kushtuka kwao, taa zitawaka waende nyumbani. Mimi sina taa ya kuwasha. Achukue wa Yotamu, programu ndiyo iutie hofu, si ndiyo kazi yake? Kazi mbili tutazipata kwingine, au hatutazipata. Rekodi yako usiifute, mpe daktari aisikilize.

Nilipokwenda kumwambia Mama kwamba nakuja, nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimkuta anafuta vumbi begi langu. Akasema, "Mahindi yana watu wengi wa kuyapukuchua." Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango, nikamsikia analia, nikamwacha alie.

Anord, sitakuandikia kwamba utapona, sijui. Nilikuwa naogopa kilima cha Tadeo na ngoma zake, nikaona raha kuogopa. Hii ya sasa haina raha. Inakaa nami mezani, inaniangalia nikila. Lakini usishike tena kingo za kitanda peke yako. Nitavuta kiti niketi hapo kando, unipe mkono, na pigo likikosa tutalisubiri wawili.

Mwezi huu hautaisha sijafika Mbeya. Usitoke kunipokea stendi, wala usimtume Yotamu. Lala. Nitauliza wodi mwenyewe.

Mkeo,
Eveline