Mafuta ya Nazi Yalikuwa Yako, Bi Zuwena

Bi Zuwena,

Asubuhi ya leo mafuta ya nazi yameganda. Watoto wa darasa la kwanza wameyakuta meupe ndani ya vichupa vyao dirishani, wakapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Mimi nikatoka nje, nikajifanya natafuta ufunguo wa gari, maana machozi yalishafika. Ndipo nikaona nikuandikie. Neno nililotakiwa kukwambia ukiwa hai nimelibeba tangu baridi ya mwaka jana.

Unakumbuka tulivyoanza. Kitabu kilitutaka tufundishe majira ya baridi kwa theluji: tukate karatasi, tubandike pamba, tutengeneze mtu mweupe mwenye pua ya karoti. Nikafuata kama nilivyosomeshwa. Sulaiman, yule aliyekuwa hana meno ya mbele, akauliza, "Mwalimu, theluji inauzwa duka gani?" Wewe, msaidizi wangu wa darasa, ulikuwa unachonga penseli; ukacheka mpaka mtandio ukakushuka. Watoto walipotoka ukanambia, "Mwalimu, hawa wape baridi yao ya Maskati kwanza. Hiyo ya kitabuni wataikuta wakikua."

Kesho yake ukaja kutoka kwenu Hamriya na mafuta yako ya nywele, yameganda chupani. Ukamimina kidogo kidogo kwenye vichupa, kila mtoto chake. Wengine wakavibana kwapani, wengine wakavianika juani uani. Sulaiman akakiweka chake juu ya boneti ya gari la mlinzi. Maryam akakifunga kwenye blanketi akiamini kitapata moto, akasubiri, akasubiri, akafungua akakuta bado kigumu. Akataka kulia. Ukamkalisha mapajani: "Blanketi halina joto lake, mwanangu. Linakutunzia lako tu." Mimi na shahada yangu sikuwahi kulisema jambo hilo vizuri namna ile.

Wiki tatu nzima wakawa wanachora daftarini kila asubuhi: leo yameganda, leo hayakuganda. Hakuna aliyetamani tena theluji.

Halafu akaja mushrifa, yule mkaguzi wa masomo. Akapita meza kwa meza, akafungua madaftari, akafurahi. Akaniuliza, "Fikra hii ya nani?"

Nikasema, "Yangu."

Ulikuwa hatua nne kutoka nami, kwenye sinki, unasuuza vichupa. Maji yalikuwa yanatoka. Nimejipa moyo mara nyingi kwamba labda hukusikia. Lakini ulifunga bomba, Bi Zuwena. Ulifunga, ukasimama kidogo, ukafungua tena.

Nilitaka nikuandikie hapa kwamba niliogopa, kwamba mkataba wangu ulikuwa mpya. Si kweli. Nilipenda alivyoniangalia. Basi.

Wakati wa mapumziko uliniletea chai ya maziwa kama kila siku, ukaniuliza kama nimekula. Ningeweza kusema pale pale. Nikasema, "Ahsante, nimeshiba." Cheti cha pongezi kikaja na jina langu, kikatundikwa ukutani karibu na ofisi, na wewe ukawa unapita mbele yake kila asubuhi umebeba kapu la rangi. Miezi ikapita. Kila siku nikisema kesho.

Ukafariki likizo ya kiangazi, moyo tu, ghafla. Nilipata khabari kwenye simu. Nikaja msibani siku ya tatu, nikakaa karibu na mlango, nikanywa kahawa fundo moja, nikaondoka kabla mwanao Asila hajanifikia. Niliona anakuja kunishukuru.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwezi huu mudira, mkuu wetu wa skuli, alinitaka niwafundishe walimu wenzangu "shughuli yangu ya baridi". Nilikesha na nia ya kusema kweli. Nikasimama mbele yao na ulimi ukanisaliti tena, nusu hivi. Nikasema, "Tulifanya mimi na marehemu Bi Zuwena." Mudira akanisifu mbele ya watu kwa unyenyekevu wangu. Wakapiga makofi. Sijapata kuona aibu kama ile, kupigiwa makofi kwa nusu ya uongo.

Siku ile ile nikaendesha gari kutoka skuli hapa Bawshar mpaka kwenu. Asila akanipokea vizuri mno. Kabla sijafungua mdomo akanionesha simu yako. Ndani yake mna picha ya cheti changu. Akasema, "Mama alikuwa akituonesha sote. Akisema, mwalimu wangu huyu, mimi na yeye ndio tuliofanya."

Kwa hiyo ulinisitiri mpaka mbele ya wanao.

Nikamwambia. Yote, na bomba la maji pia. Hakupiga kelele. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akasema, "Mimi unanambia ili iweje? Mama hakukusema kwangu. Kawaambie waliokupigia makofi."

Jana nimewaambia. Nilimwomba mudira awakusanye, nikasema fikra ilikuwa yako tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba nilidanganya ukiwa unasikia. Hapakuwa na makofi. Mudira akauliza, "Kwa nini hukusema alipokuwa hai?" Cheti nimekishusha kwa mkono wangu. Mwalimu mmoja, tuliyekuwa tukinywa naye chai, leo kanipita bila ya salamu. Mushrifa nimemwandikia; bado hajajibu.

Usidhani nnakwambia haya unisifu. Nnakwambia kwa sababu kila mtu ameshajua, na wewe, mwenye haki, ndiye niliyekuwa sijakwambia. Nisamehe, Bi Zuwena. Nnajua nimechelewa kuomba, na anayeombwa hawezi kujibu.

Asila hapokei simu zangu. Simlaumu. Mwakani binti yake, mjukuu wako Ghaliya, anaingia darasa la kwanza, na huenda wakampeleka skuli nyingine. Lakini wakimleta kwangu, nakuahidi siku ya kwanza ntamkalisha pamoja na wenzake, niwaeleze kwamba darasa hili alilifundisha bibi yake, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Ntalisema akiwapo mudira, na ntalisema asipokuwapo.

Kwaheri, mama yangu. Mola akutandikie pahala pema, akulipe kwa kila ulichokinyamazia.

Mwalimu wako,
Rahma