Mchanga wa Mama Kulwa

Kharumwa, Nyang'hwale

Mama yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje huko Muheza, na mvua imewafikia? Sisi tunapumua. Zawadi anakula mpaka analamba sahani. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungesema "Si nilikwambia?" kabla sijamaliza.

Neno lako sijalisahau. Ulipompa kondakta vile vipingili sita vya tunda la dragoni, ulisema vikishika mizizi nibaki na mwanangu, vikifa Shangazi aje miezi miwili ikiisha amchukue, maana mtoto hakuzwi kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu. Basi nisikilize mpaka mwisho. Vinne vimekufa.

Kosa ni langu, mama. Udongo wa hapa ninapokaa ni mzito, ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Nikaona marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishaoshwa. Laini kama sembe, na umerundikwa nyuma ya nyumba, nikajua ni wa bure. Nikajaza makopo sita ya rangi, nikachomeka, nikamwagilia asubuhi na jioni. Zawadi naye pembeni anasonga ugali wake wa mchanga huohuo.

Wiki ya tatu akaja Mama Kulwa, mjane wa Kisukuma, ndiye mwenye mwalo nilikokuwa nafanya kazi. Kumbe marudio yana mwenyewe! Huwa anawauzia watu wanaoyakamua dhahabu tena.

"Mayu, umeniibia mchanga?"

"Nimepandia tu, mama."

"Umepandia! Unangoja mti uzae dhahabu? Hebu mwaga hapa nione."

Nikamwaga. Ulitoka mzimamzima kama tofali bichi, unachuruzika maji, na vipingili chini vimekuwa uji. Nikakaa chini nikashika kichwa. Lakini Mama Kulwa hakuwa anaangalia vipingili, alikuwa anaangalia mikono ya Zawadi.

"Na huyu anachezea? Mchanga huu umepita kwenye zebaki, wewe!"

Akamwosha mwenyewe kwa sabuni, mara tatu, huku ananifokea. Siku ileile nikamwambia sirudi mwaloni.

"Utakula nini?"

"Nitapika vitumbua."

"Watu wa huku tumezoea michembe yetu ya viazi," akacheka. "Haya, pika, nitakuwa wa kwanza kuonja."

Vipingili viwili vilikuwa bado vina ukijani juu. Nikakata palipooza mpaka nikafika kwenye kijani kitupu, nikavilaza kivulini siku saba, kidonda kikauke. Mama Kulwa akanipeleka kwenye luseni, mchanga wa chembe kubwa, kule juu ya kijito, mbali na machimbo. Kwenye mashine ya kukoboa nikaomba pumba za mpunga, nikazichoma polepole, zilipokuwa nyeusi na hazijawa majivu nikazizima kwa maji. Nikachanganya luseni makopo mawili, pumba kopo moja, na konzi ya samadi ya ng'ombe iliyokaa sana. Makopo nikatafuta mapya, nikayatoboa chini. Yale ya kwanza hata sikuyatoboa, mama! Sasa namwagilia nikitia kidole kikatoka kikavu, basi.

Juzi natoka jikoni namkuta Zawadi amekikumbatia kipingili kwa mikono miwili, anakivuta, miguu kaikita chini kama anavuta ndama. Nikapiga kelele. Akaanguka matako, pwaa, akacheka. Kipingili kimesimama palepale. Nikaenda kwa cha pili, nikakivuta kidogo kwa vidole viwili. Nacho kikagoma.

Miche miwili si shamba, najua. Ila vitumbua vinaisha kabla jua halijapanda, na Mama Kulwa ameshanipa kona ya uwanja wake nisimike nguzo za kupandishia dragoni. Mwaloni sirudi, hata nikilala na njaa.

Baba Zawadi yuko Nkome kwenye dagaa, anakusalimu mkwewe. Nisalimie Baba na mdogo wangu wa mwisho, na jirani anayekusomea barua hii, asiruke mahali pa aibu.

Shangazi mwambie aje, nimemkumbuka. Ila mwisho wa mwezi hatarudi na Zawadi. Atarudi amepakata kopo, ndani yake kipingili chako chenye mizizi. Kimoja kinanitosha kuanzia.

Mwanao,
Rehema, Mama Zawadi