Yaya, Nimechagua Prépa

Yaya Masika,

Diploma ya sekondari imetoka! Walinimwagia poda ya pongezi hadi kwenye nyusi, barabara nzima ikipiga kelele, nami nikageuka kukutafuta wewe. Halafu nikakumbuka.

Nataka agronomia kama wewe, dada yangu. Lakini nilisoma pedagojia, mambo ya ualimu, na kemia yangu ni nyepesi mno. Chuo kimoja cha Beni kilikubali kuniingiza mwaka wa kwanza moja kwa moja. Hapa Butembo walisema nianze na prépa, mwaka mzima wa kurudia kemia na hesabu. Rafiki yangu Kavira alinicheka: « Eh, mama prépa! Benzako banaenda mbele, weye unarudia masomo ya batoto? » Sikumjibu. Unanijua.

Moyoni nilikuwa nimeshaenda Beni. Kisha ikanijia ile siku uliyonipeleka kwa wakulima wa Mabalako. Watu walikuwa wameanika kakao bila kuichachusha, maana mnunuzi alikuwa njiani. Kwa nje ilipendeza. Ukapasua punje, ndani kijivu. Mama mmoja akauliza mbona hata zake, alizozifunika vizuri kwa majani ya migomba, zilitoka mbaya. Ukasema: « Sijui bado, mama. » Wakaangua kicheko: « Assistante muzima wa chuo, hapana jua? » Ukacheka nao, ukapiga magoti kwenye turubai, ukaanza kumuuliza: alifunika lini, aligeuza namna gani. Uliuliza hadi mvua ikatufukuza.

Yaya, mimi nilidhani unyenyekevu ni kunyamaza. Kumbe wako ulikuwa na sauti.

Jana nilikwenda kujiandikisha. Katibu akauliza, foleni yote ikisikia: « Mwaka ya kwanza ao prépa? » Masikio yakaniwaka. Nikasema prépa. Hakusikia. Nikarudia, kwa nguvu, na kijana nyuma yangu akacheka kidogo. Haikuniua.

Mama ameifua blouse yako ya maabara, lile koti jeupe, anataka niivae tangu siku ya kwanza. Nimemwambia iningoje. Akalia, kisha akasema: « Sawa. Soma kwanza. » Sasa anaimba tena akipika, ingawa taratibu.

Pumzika kwa amani, Yaya wangu. Nakuahidi hivi: pale nisipoelewa, nitanyoosha mkono siku hiyohiyo. Batu bacheke, nitauliza.

Mdogo wako,
Kahindo