Chuma cha Ndege Isiyo na Mtu

Gesima
3 Machi 1968

Kwako binti yangu Nyanchama,

Pokea salamu. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na huo mgongo ni wa kuni. Bado napasua kuni za boila pale kiwanda cha chai. Kaburi la mama yako nimelipalilia. Wewe je, baridi ya Uingereza imekuachia vidole?

Naandika nikiwa na hasira. Ongeri, mtoto wa marehemu ndugu yangu Onyancha, amepata kijana. Bathsheba mama yake akasema mtoto aitwe Onyancha, jina la babu yake. Baba mdogo Thadeus akasimama mbele ya watu: "Jina la mtu hai halipewi mtoto. Mnataka kumuua Onyancha huko aliko?"

Nikamwambia Onyancha alikufa wakati wa vita vya Hitler. Alichukuliwa na kapteni wake kwenda kumpikia huko Uingereza, na serikali ikaleta barua kwamba ameuawa na ndege isiyo na mtu ndani. Thadeus akacheka kama anavyocheka siku zote. "Ndege bila mtu. Sasa nani alikuwa anaendesha, kuku? Huyo ameoa Mzungu, anakula siagi." Watu wakacheka na yeye. Bathsheba alikuwa pale pale, anawamiminia chai.

Unajua kwa nini anacheka. Shamba la Onyancha analima yeye. Amepanda chai, anasema anamtunzia mpaka arudi. Akikubali mtu amekufa, shamba ni la Ongeri.

Tangu vita Bathsheba si mke wa mtu na si mjane. Hajaruhusiwa hata kulia. Na sasa mtoto hana jina, wanamwita "huyu". Wewe uko huko unauguza wazee wa hospitali. Waulize. Ndege bila mtu ilikuwako, ama serikali ilitudanganya? Kama ni uongo niambie, ninyamaze.

Ni mimi baba yako,
Cleophas


Kent
30 Machi 1968

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vidole viko vyote. Nafanya kazi wodi ya wanaume wazee, miguu ndiyo inauma. Nunua dawa ya kuchua mgongo, usiseme utapona wenyewe.

Baba, ilikuwako. Nilipouliza wodini nilifikiri watanicheka. Badala yake wote wakasema kwa pamoja. Ilikuwa inanguruma kama pikipiki mbovu. Ikinguruma uko salama. Ikinyamaza unalala chini, kwa sababu sasa inaanguka.

Kuna mzee hapa anakata nyasi za hospitali, anaitwa Pettit. Anaokota vipande vya hizo ndege mashambani, amejaza banda lake. Alinionyesha. Kuna pangaboi dogo, sawa na kiganja chako, lilikaa puani. Upepo unalizungusha, nalo linahesabu mwendo. Hesabu ikitimia, ndege inainama yenyewe. Mwambie babu Thadeus hakukuwa na kuku.

Na kuna mtungi wa upepo, mviringo, umezungushiwa waya wa chuma tabaka juu ya tabaka, kama mpira wa watoto wetu wa maganda ya migomba. Anasema ukiona waya huo, ndiyo yenyewe.

Msalimie sana mama mkubwa Bathsheba.

Mwanao,
Nyanchama


Gesima
21 Aprili 1968

Kwako Nyanchama,

Sisi tuko, mvua imeshika. Dawa ya mgongo nimenunua, inanuka kama mbuzi dume. Shukuru Mungu uko mbali.

Barua yako niliisoma Sabato, watu wakitoka kanisani. Nilisoma yote, na kuku pia. Thadeus alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Karatasi ni karatasi. Msichana ni wako, ataandika unachotaka. Chuma kiko wapi?" Nikamwambia, baba, wewe unaamini mbingu na hujaiona. Akasema nimetukana kanisa. Sasa wazee wengine wanataka niombe msamaha. Mimi.

Onchiri fundi wa baiskeli akasema kama kuna waya wa namna hiyo ataujua si wa hapa. Wazee wakamkubali awe mwamuzi. Leta chuma. Usilete kidogo kama sindano, wataniambia ni cha cherehani.

Mtoto ameota meno mawili. Bado ni "huyu".

Baba yako,
Cleophas


Kent
16 Juni 1968

Baba,

Shikamoo, na pole kwa maneno ya wazee. Huku sasa ni joto, hata Wazungu wanalalamika.

Chuma kimenichosha. Mkulima mmoja alinipa kipande kizito, nikabeba kwa basi mpaka nguo ikachafuka. Pettit akakigeuza mara moja: "Trekta." Cha pili akakikwaruza na kisu, akanusa. Ndege ya kawaida, iliyokuwa na rubani. Hakubali kitu mpaka aone waya, au alama zilizogongwa kiwandani.

Nikamwomba chake. Akakataa. Anavipenda, Baba. Anavipaka mafuta kwa kitambaa, anaviita kwa jina kimoja kimoja, anatabasamu. Nilisimama pale damu ikanichemka. Nikamwambia, "Hiki unachokipapasa kilimuua baba yangu mkubwa. Alikuwa mpishi. Kwetu bado wanasema ametoroka." Aliweka kitambaa chini. Akachukua kipande cha ule mtungi wenye waya, akakifunga kwa gazeti, akanipa.

Si lazima kiwe cha ndege ile ile iliyomuua, hilo hakuna anayejua. Ni cha ndege ndugu yake. Kinakuja kwa meli, na meli siku hizi zinazunguka chini kabisa ya Afrika, kwa vile njia ya mkato imefungwa na vita. Vumilia.

Mwanao,
Nyanchama


Gesima
10 Novemba 1968

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Wote tuko wazima, na safari hii nasema wote.

Mzigo ulifika. Onchiri alikishika chuma, akakibeba nje kwa jua, akavuta waya na koleo mpaka akatoa jasho. Akasema, "Baiskeli haina hii. Gari haina hii. Mimi sijawahi kuona hii." Wazee wakakipitisha mkono kwa mkono. Kilipofika kwa Thadeus alikigeuza mara mbili. Nilifikiri ataomba msamaha.

Akasema, "Basi amekufa. Chimbeni kaburi. Tutamzika kwa chuma hiki, kwa sababu mwili hakuna." Na wazee wakaitika ndiyo, ndiyo, kama wamefunuliwa. Hata Ongeri alienda kuchukua jembe.

Nyanchama, nilimwuliza, "Baba, wewe ukiumwa na mbwa ufe, tumzike mbwa kwa boma lako na tumlilie?" Mtu mmoja akacheka, akajificha nyuma ya mwenzake. Nikasema hiki ni muuaji. Hakiingii udongo alimolala mama yako. Mnizike mimi kwanza.

Bathsheba ndiye alisimama. Alienda nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akakata mgomba, kama wa kale walivyofanya mwili ulipokosekana, akauburuta mpaka hapo bila kuomba mtu msaada. Akasema, "Huyu ndiye mume wangu. Mpimeni." Tukapima, tukachimba. Tukauvika koti langu la kanisa. Thadeus alitaka kuomba sala, Bathsheba akamwambia akae chini, ataomba Ongeri.

Halafu akalia. Alilia mpaka sauti ikaisha, akaanza tena. Hatukumnyamazisha.

Mtoto tulimwita Onyancha hapo hapo kaburini. Wiki hii Ongeri amechuma chai ya kwanza kwa shamba la baba yake. Thadeus anapita njia ya chini.

Chuma kiko nje ya ua, juu ya jiwe, mvua inakinyeshea. Asubuhi nikienda kuni nakitemea mate. Huyo Mzungu wako mwambie asante, lakini hakirudi kwake kupakwa mafuta.

Ni mimi baba yako,
Cleophas